Umehamisha ruta? Kabla hujalala, kagua mlango wa uani

Nyumba yetu ya Mkunazini ina kuta nene kiasi kwamba ukinyoosha mkono dirishani, kiwiko bado kimo ndani. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, zimejengwa na watu waliokuwa wakikimbia joto, waifai haikuwamo kwenye hesabu yao. Fundi wa intaneti alipoleta waya aliishia ukumbini chini, akaiweka ruta, kile kisanduku cha kugawa intaneti, nyuma ya televisheni, akaenda zake. Juu anakolala mama mawimbi yalifika yamechoka. Watoto wakirudi skuli walikaa ngazini, daraja ya tano, maana hapo ndipo simu ilipokamata.

Siku moja tukaamua kupanga upya. Ruta kuu ikapandishwa juu kwenye ushoroba, na ruta ya zamani iliyokuwa imelala kwenye mtoto wa meza ikawekwa chini ihudumie ukumbi na chumba cha uani. Nenosiri la ile ya zamani hakuna aliyelikumbuka, basi nikachukua sindano kwenye kopo la mama la kushonea, nikaichomeka kwenye kile kitundu kidogo cha nyuma cha kuirudisha ruta kiwandani, nikahesabu mpaka kumi. Taa zikazima, zikawaka. Nikaunganisha waya, simu zikakamata kila chumba, tukala, tukalala.

Baada ya kama wiki mbili nikagundua vijana wa mtaani wamehamia baraza yetu. Kila usiku mpaka saa saba. Nikadhani keram, lakini kibao cha keram sikukiona. Mmoja wao, kwa adabu zake zote, akanambia, "Ami, waifai yenu haina mpinzani." Nikatazama simu yangu. Ruta kuu ilikuwa na nenosiri refu la kujivunia. Ile ya chini, baada ya kuchomwa sindano, ilikuwa inajitangaza kwa jina la kiwandani, bila nenosiri lolote, na waya wake unaingia moja kwa moja kwenye mtandao wa nyumba. Mbele nimefunga kufuli mbili, uani nimeacha wazi.

Kupanga upya ndiko kunakofungua milango. Ruta iliyokaa mahali pamoja miaka mitatu huenda ilifungwa vizuri siku ya kwanza na ikabaki hivyo. Ukiihamisha, ukiongeza ya pili, au ukiirudisha kiwandani, mengi yaliyokuwa yamefungwa hurudi wazi bila kukuambia, na kwa kuwa intaneti inafanya kazi, husemi kitu. Mwongozo huu ni wa jioni ya siku hiyo. Tenga saa mbili, na kompyuta ikipatikana ni bora kuliko simu.

Chora nyumba yako kwenye karatasi

Kabla ya kugusa mipangilio, chora. Waya wa kampuni unaingilia wapi? Ruta ipi inaupokea? Waya gani unatoka hapo, unakwenda wapi, umechomekwa tundu gani? Andika na kila kifaa kinachotumia mtandao: televisheni, printa, kinasa cha kamera, simu za wenye nyumba. Karatasi yangu haikufika hata nusu, lakini ilinikumbusha kinasa cha kamera nilichokuwa nimekisahau kabisa juu ya kabati, kina vumbi, taa yake inapepesa. Hicho tutakirudia, kwa sababu ndicho kilichonitia hofu kuliko vijana wa baraza.

Ruta mbili, mgawaji mmoja

Kila kifaa kinachoingia kwenye mtandao hupewa anwani, na kazi ya kugawa anwani hizo huitwa DHCP. Nyumba inataka mgawaji mmoja. Ukiunganisha ruta ya pili ovyo, zote mbili zinagawa, na kila moja ina anwani zake. Matokeo yake ni mtandao wenye mapepo: leo televisheni inapata, kesho haipati, simu inaonesha imeunganishwa lakini hakuna kinachofunguka. Watu hapo huishiwa na subira, huchukua sindano, na tunarudi kule kule.

Kama lengo lako ni kupeleka mawimbi chumba cha mbali tu, basi ifanye ruta ya zamani iwe kituo cha kurushia mawimbi na kazi nyingine zote iziache kwa ruta kuu. Fanya kwa mpangilio huu, wala usiruke:

1. Ruta ya zamani isiunganishwe na nyumba bado. Washa, chomeka kompyuta peke yake kwa waya kwenye tundu mojawapo la LAN, yaani yale ya vifaa vya ndani, na zima waifai ya kompyuta ili isikimbilie ruta nyingine.

2. Fungua kivinjari, andika anwani ya ruta. Mara nyingi imeandikwa kwenye kibandiko cha chini: 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na baadhi ya vifaa vya faiba hutumia 192.168.100.1. Kibandiko kikiwa kimefutika, tazama maelezo ya mtandao kwenye kompyuta, mahali palipoandikwa Gateway.

3. Badilisha anwani ya ruta hiyo isigongane na ya ruta kuu. Kama kuu ni 192.168.1.1, hii ipe 192.168.1.2. Hifadhi. Itajizima na kujiwasha, kisha utaifungua kwa anwani mpya. Kwenye ruta kuu hakikisha ugawaji unaanzia mbali kidogo, tuseme 192.168.1.100, ili anwani ya 2 asije akapewa mgeni.

4. Tia nenosiri la uongozi na la waifai sasa hivi, kabla waya haujaunganishwa. Mimi hapa ndipo nilipoteleza. Nilisema nitafanya baadaye.

5. Zima DHCP kwenye hii ya zamani. Hifadhi tena. Ukiona kompyuta imepoteza mtandao baada ya hapo usishtuke, hakuna tena wa kuipa anwani.

6. Sasa vuta waya kutoka tundu la LAN la ruta kuu uingie tundu la LAN la ruta ya zamani. Tundu la WAN, lile la kupokea intaneti, ambalo kwa kawaida lina rangi tofauti na wenzake, liache tupu.

Ruta nyingine zina hali ya Access Point kwenye menyu, nayo hufanya hayo yote, isipokuwa manenosiri, kwa mbonyezo mmoja. Ukiiona itumie, ila fuata maelekezo yake kuhusu tundu la kuchomeka.

Waya wenyewe, kama utapita nje au kushuka ghorofa, nunua wa aina ya Cat5e au zaidi. Unafika mita 100 bila shida, na nyumba za Mji Mkongwe hata ukizunguka kona zote hufiki huko. Kwa kuta zetu, waya mmoja kupitia tundu la dirisha unashinda vikuza mawimbi vitatu vya ukutani.

Wanaopangisha vyumba kwa wageni, someni hapa taratibu

Kuna njia ya pili ya kuunganisha: waya kutoka LAN ya ruta kuu uingie WAN ya ruta ya pili, na ruta ya pili iendelee kugawa anwani zake. Hapo unapata mitandao miwili, na mwenye nyumba hufurahi: familia wabaki ruta kuu, wageni wapewe ruta ya pili, tumetengana.

Mmetengana kinyume. Ruta humkinga aliye nyuma yake dhidi ya walio mbele yake. Mgeni aliye kwenye ruta ya pili, ili afike intaneti lazima apite kwenye mtandao wa ruta kuu, na njiani anaweza kubisha hodi kwa printa yako, kinasa chako cha kamera na ukurasa wa uongozi wa ruta kuu. Wewe wa ruta kuu ndiye usiyeweza kumfikia yeye. Kwa hiyo ukitaka kutumia ruta mbili kutenganisha watu, wageni wakae ruta ya mbele, iliyo karibu na waya wa kampuni, na familia ikae ruta ya ndani. Nimeona nyumba ya wageni, sitaitaja, ambayo kompyuta ya mapokezi yenye nakala za pasi za watalii ilikuwa inaonekana kutoka chumba chochote cha ghorofani. Mpangilio ulikuwa huo huo wa kinyume.

Njia rahisi zaidi ni kuwasha mtandao wa wageni kwenye ruta kuu, ule unaoandikwa Guest Network, na kuhakikisha ruhusa ya mgeni kuona vifaa vya ndani imezimwa. Angalizo: ukishaigeuza ruta ya zamani kuwa kituo cha mawimbi, mtandao wa wageni unaowashwa kwenye hiyo mara nyingi hautengi chochote. Una jina jingine na nenosiri jingine, lakini mgeni anaangukia ukumbini kwako. Jipime kwa jaribio nitakalolieleza mbele.

Funguo mbili

Ruta ina manenosiri mawili na watu wengi wanalijua moja. La kwanza ni la waifai, lile unalompa shemeji akija Sikukuu. La pili ni la uongozi, linalofungua ukurasa wa mipangilio. La pili likibaki admin kwa admin, kila uliyempa la kwanza anaweza kuwa mwenye nyumba. Mwaka 2016 programu haramu iliyoitwa Mirai ilivamia mamia ya maelfu ya ruta, kamera na vinasa vya video duniani kote, na haikuhitaji ujanja mkubwa: ilibeba orodha fupi ya majina na manenosiri ya kiwandani, ikawa inajaribu mlango kwa mlango.

Badilisha yote mawili, kwenye ruta zote mbili. Ruta ya zamani isidharauliwe kwa kuwa ni ya chini.

Sasa hili la nenosiri la waifai, maana hapa kisiwani tuna tabia moja: namba ya simu. Ukitembea Darajani ukaambiwa waifai ya duka fulani ni namba ya simu ya mwenye duka, hushangai. Tatizo ni hesabu. Mtu akikaa nje ya nyumba anaweza kunasa mazungumzo mafupi ambayo simu yako hufanya na ruta inapoingia, kisha akaenda kwake na kubahatisha kimyakimya bila wewe kujua. Namba zetu zina tarakimu 10 na 2 za mwanzo zinajulikana, 06 au 07. Zilizobaki ni 8, yaani uwezekano milioni 100 kwa kila mwanzo. Kompyuta yenye kadi nzuri ya michezo inamaliza hizo kwa dakika. Jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa halina hata hadhi ya kuhesabiwa.

Chukua maneno manne au matano yasiyohusiana, uyatenganishe kwa alama: mfano sinia, kunguru, tufaha, betri, Wete. Usitumie haya, tayari yamesomwa. Usitumie methali wala mstari wa wimbo wa taarab, hivyo vinajulikana na wengi. Nenosiri linaruhusiwa kuanzia herufi 8 hadi 63, basi nafasi unayo. Mama yangu, ambaye hana subira na herufi kubwa na alama za dola, alilikariri la maneno matano kwa dakika mbili kwa sababu ni Kiswahili.

La uongozi liandike kwenye daftari na daftari likae ndani. Wataalamu wa mjini watakucheka. Mwizi wa daftari lazima aingie chumbani kwako, na akishaingia chumbani shida yako si waifai tena.

Kufuli lenyewe

Kwenye mipangilio ya usalama wa waifai chagua WPA3, aina ya kufuli iliyotoka 2018, au ule mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 kama una simu za zamani zitakazogoma. Ikiwa ruta haina WPA3, chagua WPA2 yenye AES. Ukikuta WEP imechaguliwa, ilishavunjwa tangu 2001, na ruta isiyo na zaidi ya hiyo ni ya kutupa. TKIP, njia ya zamani ya kuficha mawasiliano, nayo iache.

Halafu WPS, kile kitufe cha kuunganisha bila nenosiri. Zima. Kina namba ya siri ya tarakimu 8, ambayo kwa jicho la haraka ni milioni 100, lakini tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi tu, na ruta huikagua namba hiyo kwa vipande viwili, 4 kisha 3. Mwenye kubahatisha anatafuta 10,000 kisha 1,000, jumla 11,000. Udhaifu huo ulitangazwa 2011 na bado vifaa vingi vinauzwa WPS ikiwa imewashwa. Nenosiri lako la maneno matano halina maana ikiwa mlango huu uko wazi pembeni yake. Na kumbuka: sindano huiwasha tena.

Kuficha jina la waifai usihangaike nako. Programu za bure hulinasa, na wewe ndiye utakayepata tabu kuwaunganisha wajomba. Kuruhusu vifaa kwa namba zao za MAC, yaani namba ya utambulisho ya kila kifaa, pia ni mateso zaidi ya ulinzi, kwani simu za siku hizi hubadilisha namba hiyo kila zikiingia mtandao mpya.

Yale matundu yaliyofunguliwa na fundi

Hapa ndipo kinasa cha kamera kinaporudi. Nyumba nyingi mjini sasa zina kamera mlangoni, na fundi akija kuzifunga hutaka uweze kuzitazama ukiwa Pemba au Dar. Njia ya haraka kwake ni kufungua tundu kwenye ruta: anayegonga namba fulani kutoka nje apelekwe kwenye anwani fulani ndani. Kwenye menyu huandikwa Port Forwarding, au Virtual Server. Fundi anamaliza, anakuonesha picha kwenye simu, unamlipa, na lile tundu linabaki hapo miaka.

Sasa fikiria umepanga upya. Anwani zimegawiwa upya. Sheria ya zamani ilisema wageni wa nje wapelekwe 192.168.1.20, ambapo palikuwa na kinasa. Leo 192.168.1.20 anaweza kuwa nani? Kwangu ilikuwa kompyuta ya mdogo wangu wa kike. Kwa wiki nzima intaneti yote ilikuwa imeelekezwa kwenye kompyuta ya mwanafunzi wa chuo, naye hana habari, anaandika utafiti wake.

Futa kila sheria usiyoijua. Kama kamera inaacha kuonekana ukiwa mbali, mwambie fundi aiunganishe kupitia programu ya mtengenezaji, na kabla ya hapo abadilishe nenosiri la kinasa chenyewe, kwani nalo huja na la kiwandani. Zima DMZ ikiwa imewashwa, hiyo ni kufungua matundu yote kwa mpigo. Zima UPnP, inayoruhusu vifaa vijifungulie matundu vyenyewe bila kukuuliza. Wacheza michezo ya mtandaoni watalalamika siku moja, halafu watazoea au watakuja na hoja mtakayoizungumza.

Zima na Remote Management, yaani uongozi wa ruta kutoka nje ya nyumba. Hii si sawa na njia ambayo kampuni ya intaneti hutumia kuhudumia ruta iliyo mali yake, ambayo huandikwa TR-069. Kwenye ruta ya kampuni hiyo usiiguse, unaweza kujikatia huduma. Kwenye ruta yako mwenyewe uliyoinunua dukani haina kazi, izime.

Ukiwa bado humo ndani, tazama anwani za DNS. Ndizo zinazotafsiri jina la tovuti kuwa namba, na aliyewahi kuingia kwenye ruta yako hupenda kuzibadilisha ili ukiandika jina la benki upelekwe kwake. Ziache zijichukue zenyewe kutoka kwa kampuni, au weka 9.9.9.9 au 1.1.1.1. Namba yoyote nyingine usiyoitambua ifute, kisha badilisha nenosiri la uongozi mara ya pili.

Programu ya ndani, na umeme wetu

Ruta inaendeshwa na programu, na programu hupata matundu yanayozibwa kwa matoleo mapya. Tafuta sehemu ya Firmware au System Update. Kama inajisasisha yenyewe, iruhusu. Kama haijisasishi, chukua faili kwenye tovuti ya mtengenezaji, kwa namba kamili ya modeli iliyo kwenye kibandiko pamoja na toleo la kifaa, kwa kuwa V1 na V3 si kitu kimoja. Ruta ambayo mtengenezaji ameshaitelekeza ni bora istaafu, hata kama inafanya kazi. Ile yangu ya chini imebakiza mwaka.

Lakini umeme ukikatika katikati ya kusasisha, ruta inaweza kufa moja kwa moja. Sisi tuliokaa gizani miezi 3 kuanzia Disemba 2009, waya wa baharini kutoka Bara ulipotuacha, hatuhitaji kufundishwa kuhusu umeme. Usisasishe siku ya mvua za masika wala siku taa zinapepesa. Ruta nyingi hutumia volti 12, na madukani kuna betri ndogo za kuishikilia saa kadhaa. Soma volti na ampea kwenye plagi yako kabla ya kununua. Betri hiyo ina faida nyingine: umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo haufiki moja kwa moja kwenye ruta.

Wekeni mbali na mikono

Kila ulichokifanya mpaka hapa kinafutwa na sindano. Mgeni, mtoto, au mpangaji mwenye hasira akifika kwenye kile kitundu, dakika moja tu. Kwa hiyo ruta isikae chumba cha kupangisha wala mapokezini mezani. Juu ya kabati ushorobani panafaa, si dirishani kuelekea bahari, maana hewa ya chumvi hula matundu ya waya. Ruta ikikaa katikati ya nyumba inasaidia mara mbili: vyumba vinapata, na kichochoro hakipati sana. Ruta nyingi pia zina sehemu ya kupunguza nguvu ya mawimbi, na ile ya chini mimi nimeiteremsha hadi katikati.

Hesabu ya vifaa

Hii ndiyo sehemu niliyoipenda. Fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa, kaa na familia, mviite kimoja kimoja. Tulipata 14. Simu za watu 6, televisheni 2, printa, kinasa, kompyuta 2. Zilibaki 2 zisizo na majina ya kueleweka.

"Mama, una simu nyingine?"

"Ile ya babako, naichaji nisikilize redio."

Ikabaki moja. Tukazima vitu chumba kwa chumba, na kila mara natazama orodha. Haikutoka. Nilipobadilisha nenosiri la waifai ikapotea, na haijarudi. Sikujua ilikuwa ya nani, na kwa kweli huhitaji kujua. Nenosiri likibadilika kila kifaa lazima kiombe upya, na asiyekuwa na haki hana cha kuomba. Ndiyo maana baada ya kupanga upya nenosiri la waifai lazima liwe jipya, hata kama la zamani lilikuwa zuri. Hesabu walioondoka nalo: mpangaji wa mwaka juzi, fundi wa kamera, rafiki wa mtoto, jirani aliyeomba siku ya mpira.

Asiyeona uzito wa jambo hili akumbuke kwamba anayetumia waifai yako huonekana nje kwa anwani ya nyumba yako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika Bara na Zanzibar, na swali la kwanza litamfikia aliyejiandikisha kwa kampuni.

Jaribu ukiwa nje

Bonyeza kuhifadhi, kisha zima ruta zote mbili ukutani na uziwashe tena. Baadhi hubadilisha mipangilio kwa muda tu, na umeme ukirudi zinasahau. Halafu azima simu ambayo haijawahi kuingia kwako, toka ukakae barazani.

Tazama majina yote yanayoonekana. Lolote la kiwandani, lenye chapa na tarakimu, kama ni lako bado una kazi. Jaribu kuingia bila nenosiri. Kisha ingia mtandao wa wageni, fungua kivinjari, andika 192.168.1.1, halafu 192.168.1.2. Ukurasa wa uongozi usifunguke. Ukifunguka, utengano haupo, na ndivyo nilivyogundua kuwa mtandao wa wageni wa ruta yangu ya chini ulikuwa pambo. Niliuzima, wageni sasa wanatumia wa ruta kuu pekee.

Ukiridhika, tafuta sehemu ya Backup kwenye ruta kuu, hifadhi faili la mipangilio kwenye kompyuta, na kwenye ile karatasi ya ramani andika tarehe na ulichobadilisha. Siku atakapokuja mwingine na sindano, utarudisha kila kitu kwa dakika tano.

Vijana wa baraza sikuwafukuza. Nawajua wao na mama zao. Niliwapa mtandao wa wageni, kasi ndogo, nenosiri linabadilika kila mwezi, na nikauwekea ratiba ujizime saa nne usiku. Usiku wa kwanza nikawasikia bado wapo saa sita. Nikashuka kukagua: saa ya ruta kuu ilikuwa inafuata majira ya Greenwich, na saa nne ya huko kwetu ni saa saba. Nikachagua Nairobi kwenye orodha ya majira. Kesho yake, saa nne na dakika moja, nikasikia ndala zinaburuzwa kichochoroni na mmoja anasema, "Ami keshazima."